Rejeta mpya ya alumini, na gari bado linachemsha

Premio yangu ilipasuka rejeta pale Najjembe, ndani ya msitu wa Mabira, nikitoka Busia kwenda Kampala. Mvuke ulipofumuka kwenye boneti, wauza nyama choma walikuja mbio wakidhani tumesimama kununua. Walipoona hali wakageuka wachota maji. Tangi la juu, lile la plastiki, lilikuwa na ufa wa urefu wa kidole karibu na shingo ya mpira wa juu, ule bomba la raba linalopitisha maji. Plastiki yenyewe ilishaacha weusi wake ikawa ya kahawia, na nilipoikwaruza kwa ukucha ilimung'unyika kama biskuti.

Wiki hiyohiyo nikafunga rejeta ya alumini tupu, iliyochomelewa pande zote, si ya Toyota wenyewe. Siku ya tatu, foleni ya Nakawa, mshale wa joto ukapanda tena. Mimi ni fundi, na hata hivyo mtu wa kwanza kumlaumu alikuwa rejeta. Nilimwonea. Tangu siku hiyo, gari lolote linaloletwa kwangu na rejeta mpya ya alumini na malalamiko ya zamani, sishiki spana kabla ya kumwuliza mwenyewe: linachemsha lini? Foleni? Mlimani? Asubuhi likiwashwa tu? Jibu hilo hupunguza kazi kwa nusu.

Kuna swali la pili, na hili wengi hawalipendi: ile ya zamani ilipasuka kwa nini? Plastiki huchoka yenyewe baada ya miaka mingi ya kupata moto na kupoa, na magari yetu mengi huingia nchini yakiwa yameshaendeshwa miaka kumi kule Japani. Hiyo ni sababu halali. Lakini kama tangi lilikuwa bado jeusi na gumu, halafu likapasuka, kuna kitu kililisukuma: kifuniko cha rejeta kilichokwama kisiachie presha, au gasketi ya silinda hedi (kizibo cha kati ya kichwa cha injini na bloku) inayopenyeza moshi kwenye maji. Ukifunga alumini juu ya tatizo hilo, safari hii plastiki haipo ya kupasuka. Presha itatafuta mpira, au rejeta ndogo ya hita iliyo chini ya dashibodi, na kuitoa hiyo ni kazi ya siku nzima.

Kabla ya yote: usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Busia na Kampala ziko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na huku maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni presha ya kifuniko tu. Chenye alama ya presha ya 0.9 huyafikisha karibu nyuzi 115 kabla hayajachemka. Ukikifungua, presha inatoka na maji yote yanageuka mvuke kwa mpigo mmoja, usoni pako. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa mkono mtupu na kuuminya.

Foleni linachemsha, barabarani linatulia

Hii ndiyo iliyonipata mimi, na ndiyo ninayoiona zaidi. Gari likienda kilomita 60 au 80 kwa saa, upepo wa barabarani unatosha kupoza rejeta, feni haina kazi kubwa. Likisimama, feni ndiyo kila kitu. Kwa hiyo gari linalochemsha likiwa limesimama lina tatizo la upepo, na rejeta si ya kushukiwa kwanza.

Washa AC. Katika magari mengi ya Toyota, feni lazima izunguke muda mfupi baada ya AC kuwashwa. Isipozunguka, angalia plagi yake. Mara nyingi fundi ameisahau chini huko, inaning'inia. Kisha fyuzi, kisha relei, na mwisho mota yenyewe. Gari lako likiwa la aina yenye swichi ya joto iliyofungwa kwenye tangi la rejeta, rejeta mpya huenda haina tundu la kuichukua, na fundi akaiacha imefungwa kwa tepu pembeni. Swichi ya namna hiyo haitapata joto kamwe, wala feni haitaamka.

Inazunguka? Basi shika karatasi mbele ya rejeta, upande wa grili. Inatakiwa kuvutwa na kubaki imegandama. Ikisukumwa kwenda mbele, nyaya za mota zimegeuzwa, na feni inapambana na upepo badala ya kuuvuta. Nimeona hili kwenye Ipsum iliyokuwa imeshabadilishiwa pampu ya maji, thamostati (vali inayoyafungulia maji njia ya rejeta yakipata moto), na ilikuwa njiani kubadilishiwa injini.

Kosa langu lilikuwa jingine. Rejeta ya kiwandani ya gari dogo huwa nyembamba, wavu wake una unene wa milimita 16 hivi. Ile niliyonunua ilikuwa na 40. Kava ya feni, lile ganda la plastiki linaloizunguka, haikuingia tena, kwa hiyo nikaiweka kando na kuifunga feni moja kwa moja kwenye wavu kwa vibano vya plastiki. Ilionekana nadhifu. Lakini bila kava, feni huvuta upepo kwenye duara lake tu, na pembe nne zote za rejeta zinabaki zimekaa bure. Isitoshe vile vibano husugua mirija ya alumini mpaka vinaitoboa. Nilimpelekea mchomeleaji wa Katwe kava ya bati, akaikunja kwa vipimo vyangu ikawa na kina kidogo kuliko ya zamani, tatizo likaisha jioni ileile. Kama hujanunua bado, pima nafasi kati ya rejeta na injini kwanza, na usidanganywe na neno "nene." Wavu mnene wenye mapezi (vile vibati vyembamba vya kupozea) yaliyobanana unahitaji feni yenye nguvu zaidi, na feni ya Premio haijui kwamba umenunua rejeta ya mashindano.

Kwa Land Cruiser, Prado na wenzake ambao feni imefungwa kwenye injini, habari ni klachi ya feni, kile kiungo kinachoikamatisha feni na injini. Injini ikiwa ya moto imezimwa, zungusha kwa mkono: ikizunguka kama pangaboi bila ukinzani, klachi imekwisha.

Foleni linatulia, mlimani linachemsha

Mteja mmoja alikuwa akitoka Mbale kupanda Kapchorwa, na kila akifika miinuko ya Sipi mshale unaanza safari yake. Mjini haukuwahi kusogea. Hapa feni iko sawa. Kinachopungua ni mwendo wa maji, au eneo la kupoza.

Anza na cha bei rahisi, yaani mbele ya rejeta. Rejeta ya AC imesimama mbele ya ile ya maji, na kama imejaa vumbi la marram na mabawa ya panzi, rejeta yako mpya inapumua kupitia blanketi. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka nyuma kwenda mbele. Presha kubwa hulaza mapezi. Angalia pia sponji na raba za pembeni zilizokuwa zikiziba mianya kati ya rejeta na bodi. Mafundi wengi huzitupa. Upepo ukipata mwanya wa kupita kando hauhangaiki kupenya wavu.

Kisha mpira wa chini. Mwombe mtu akanyage mafuta injini ikiwa ya moto huku wewe ukiutazama, mikono mbali na feni na mikanda. Pampu inavuta kutoka huko, na mpira mzee uliolainika hujikunyata na kujifunga wakati mzunguko wa injini umepanda, halafu hufunguka ukiacha mafuta. Ukitazama gari likiwa limetulia hutaona chochote.

Thamostati inayofunguka nusu hutoa dalili hiyohiyo. Itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto: nyingi za Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Ikikawia mpaka maji yanatokota, nunua nyingine. Wala usikubali ule ushauri wa kuitoa kabisa eti "sisi huku ni nchi ya joto." Bila thamostati injini haifikii joto lake barabarani, inakula petroli zaidi na kuchakaa mapema, na katika baadhi ya injini maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta ipasavyo. Yule wa Kapchorwa ndivyo alivyokuwa, thamostati yake ilitolewa na fundi wa kwanza. Tuliirudisha, tukabadilisha mpira wa chini, akapanda.

Mshale unapanda na kushuka, hita inatoa baridi

Hewa. Sina haja ya kuzunguka sana hapa. Ukimwaga maji yote na kujaza upya, mifuko ya hewa hubaki kichwani mwa injini, na kipimo cha joto kikikaa ndani ya mvuke badala ya maji kinasema uongo.

Inua pua ya gari, kwa jeki au kwa kulipandisha kwenye kitu, mpaka mdomo wa rejeta uwe sehemu ya juu kabisa. Weka hita kwenye moto wa mwisho. Jaza polepole huku ukiminya mpira wa juu. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, iache inguruma taratibu, ongeza kulanti (dawa ya rejeta inayochanganywa na maji) kadiri inavyoshuka. Thamostati ikifunguka maji yatashuka ghafla, ongeza tena. Mapovu yakikoma na hita ikitoa joto thabiti, funga. Siku ya pili asubuhi, injini ikiwa baridi, angalia tena. Subaru zina ukaidi wao kwenye jambo hili kwa sababu injini imelala. Zipe muda mara mbili.

Mapovu yasipokoma hata baada ya nusu saa, hayo si hewa. Soma sehemu inayofuata.

Maji yanapungua, chini pakavu

Kifuniko kwanza. Kina kazi mbili: kushikilia presha, na kuruhusu maji yarudi kutoka mtungi wa akiba injini inapopoa. Rejeta nyingi za alumini huja na kifuniko chao kilichoandikwa 1.3, na watu hufurahi wakidhani namba kubwa ni bora. Gari lililotengenezewa 0.9 au 1.1 lina mipira na hita za presha hiyo. Tumia namba iliyokuwa kwenye kifuniko cha asili. Kina cha shingo nacho hutofautiana: kifuniko cha zamani kinaweza kujifunga vizuri juu na raba yake ya ndani isiguse kiti. Maji hukimbilia mtungini, mtungi unafurika barabarani, na wewe unakuta pakavu kwa sababu yamemwagika ukiwa kwenye mwendo. Mpira wa juu ukibaki laini hata injini ikiwa ya moto, presha haishikiliwi.

Kinyume chake ni mpira wa juu kuwa mgumu kama jiwe dakika moja baada ya kuwasha injini baridi. Maji hayajapata moto bado, presha hiyo imetoka wapi? Inatoka kwenye silinda. Fungua kifuniko asubuhi kabla ya kuwasha, washa, tazama: mapovu yanayopanda bila kukoma, harufu ya moshi kwenye maji, moshi mweupe mzito nyuma usioisha hata gari likipata joto. Gereji zenye vifaa zina kichupa chenye maji ya buluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Gesi ya injini ikiwemo, buluu inageuka njano. Likithibitika, ni gasketi au hedi iliyopinda. Na kama ufa wa kwanza ulitokana na hilo, pesa ya rejeta ya alumini ilikwenda kabla ya wakati wake.

Ukiona zulia la upande wa abiria limelowa na vioo vinaingia ukungu wenye harufu tamu, ni hita.

Maji yamekuwa kama chai ya maziwa

Hapa simamisha gari. Usiliendeshe hata kulifikisha gereji, livutwe.

Magari ya oto mengi hupoza mafuta ya giaboksi ndani ya tangi la chini la rejeta, kwa bomba dogo lililozamishwa kwenye maji. Bomba hilo likitoboka, mafuta na maji huchanganyika, na maji yanayoingia kwenye giaboksi huziua klachi zake za ndani kwa muda mfupi. Rejeta mpya yenye kasoro ya kuchomelea inaweza kukufanyia hivyo. Kubadilisha rejeta peke yake hakutoshi: mafuta ya giaboksi yamwagwe na kujazwa tena zaidi ya mara moja, mpaka yatoke safi.

Kuna toleo jingine la balaa hili, la kimyakimya. Rejeta nyingi za alumini zimetengenezwa kwa magari ya gia za mkono na hazina kipozeo hicho kabisa. Fundi anakuta mirija miwili ya mafuta ya giaboksi haina pa kwenda, anaiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa mpira, gari linaondoka. Mshale wa maji hauonyeshi kitu. Miezi inapita, gia zinaanza kuchelewa kuingia na mafuta yanatoka meusi yenye harufu ya kuungua. Kabla ya kulipa, hesabu matundu: mawili makubwa ya maji, na mawili madogo chini kama gari lako la oto lilikuwa nayo. Kama hayapo, nunua kipozeo cha pekee kinachofungwa mbele ya rejeta, na ujumlishe bei yake kwenye hesabu toka mwanzo.

Inavuja kwenye mipira, au kwenye pembe

Rejeta ya zamani usiitupe siku ya kwanza. Ilaze kando ya mpya dukani kwenyewe, hata kama muuzaji wa Kisekka, soko la vipuri la Kampala, anakuhimiza kwamba "zote sawa, mzee wangu." Linganisha unene wa shingo za mipira. Milimita mbili za tofauti zinatosha: mpira unaingia kwa shida na kupasuka, au unaingia kirahisi na kuvuja hata ukaze klipu mpaka iiname. Na shingo ya alumini ikikazwa kupita kiasi hubonyea, hairudi. Klipu ikae nyuma ya ukingo uliovimba, si juu yake. Kizibo cha kumwagia maji nacho kinahitaji mkono mwepesi, nyuzi za alumini hulika upesi.

Uvujaji unaoanza pembeni, kwenye maungio, wiki kadhaa baada ya kufunga, mara nyingi ni mtikisiko. Rejeta ya kiwandani hukalia raba na huelea kidogo. Ya alumini isipoenea, fundi huibana kwa boliti chuma kwa chuma, na barabara ya marram inamalizia kazi. Tafuta raba, hata ukate za tairi la ndani, rejeta iwe na nafasi ya kucheza kidogo kila upande. Habari njema ni kwamba alumini huchomeleka. Plastiki iliyopasuka hukandikwa gundi ukasali. Alumini hupelekwa kwa mwenye mashine ya gesi ya agoni na kurudi nzima. Kwa Premio ya kwenda kazini na kanisani, hiyo ndiyo faida pekee ninayoiona ya kutosha. Rejeta mpya nzuri yenye tangi la plastiki ingekufaa vilevile, na ingeingia bila kukata kitu.

Unga mweupe na vitundu vya sindano

Alumini haipatani na maji ya kisima wala ya bombani yakiwa peke yake. Chumvi na klorini huila taratibu. Weka kulanti na maji yaliyosafishwa nusu kwa nusu. Maji yale ya kuongeza kwenye betri yanafaa, ila soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyohiyo. Usichanganye kulanti ya kijani na ya waridi kwa kufuata rangi tu. Kama hujui iliyomo, suuza yote uanze upya. Na iliyomwagwa usiiache kwenye karai uani. Ina utamu, mbwa na mbuzi huinywa, na inaua.

Lakini ukiona vitundu vinajitokeza ndani ya miezi michache na kulanti ni nzuri, tafuta umeme. Chukua multimita, iweke kwenye volti za DC. Waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu uchovye kwenye maji ya rejeta bila kugusa chuma, injini ikiwa baridi na imewashwa, taa, feni na redio zikiwa zinafanya kazi. Chini ya 0.1 ni salama. Ikivuka 0.3, umeme unapita ndani ya maji na unaitafuna rejeta. Zima kifaa kimoja kimoja mpaka namba ishuke; kitakachoishusha ndicho chenye waya mbovu wa ardhi.

Noah moja ililetwa kwangu na rejeta yake ya pili ya alumini, nayo ina vitundu. Multimita ilisoma 0.6 muziki ukiwa juu. Aliyefunga spika kubwa alikuwa amekosa mahali pa kufungia waya wa ardhi wa amplifaya, akauona mguu wa rejeta unang'aa, msafi, una boliti tayari. Tuliuhamishia kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi, namba ikashuka mpaka 0.04.